Kabati la Bei Nafuu na Unyevu wa Bafu

Wako watu waaminio kwamba samani ya bei nafuu haifai kuwekwa bafuni. Mimi siafiki. Ubao hauozi kwa sababu ya bei yake, bali kwa kukaa na maji muda mrefu bila kukauka.

Hapa Lilongwe, ambako kazi imenileta, mafundi seremala huuza kandokando ya barabara makabati na stuli za mbao za msonobari. Mbao hizo ni laini na hunywa maji upesi. Mvua za Novemba hadi Aprili zikianza, bafu lisilo na dirisha hushinda mbichi mchana kutwa.

Jirani yangu mmoja, mama mwenyeji wa Uvira, alinunua kabati la namna hiyo kwa faida ya maandazi. Mwaka 2023, Serikali ya Malawi ilipowarudisha wakimbizi wa mijini katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, alilipakia pamoja na magodoro. Nilipokwenda kumjulia hali nililikuta limesimama imara, limejaa nguo za watoto. Akaniambia, "Kaka, lingeozea kule mjini, leo nguo hizi zingelala chini." Kwa mwenye kipato kidogo, basi, kutunza samani si urembo, ni kulinda akiba.

Alilitunzaje? Kwanza, kabla ya kulitumia alilipiga msasa, akalifuta vumbi, akalipaka vanishi mara tatu, kila mpako ukikauka kabisa kabla ya unaofuata. Hakusahau mgongoni wala chini ya miguu. Ncha za mbao zilizokatwa hunywa maji kuliko ubavu, kwa hiyo zipakwe zaidi. Tena, ubao uliopakwa upande mmoja tu hupinda kwa urahisi.

Pili, chini ya kila mguu aliweka kipande cha tairi kuukuu, ili maji ya sakafuni yasiguse ubao. Tatu, aliliweka mbali kidogo na ukuta hewa ipate kupita. Na kila baada ya kuoga, mlango uliachwa wazi na matone yakafutwa kwa kitambaa kikavu.

Rangi ikibanduka, kausheni ubao vizuri kabla ya kupaka upya, kwa maana rangi juu ya ubao mbichi hufungia unyevu ndani. Makabati ya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi yahitaji uangalifu zaidi: yakishavimba hayarudi. Oili chafu ya gari isipakwe samani za ndani, kwani hunuka na kuchafua nguo. Na anayetumia mafuta ya kitani asirundike matambara yaliyolowa mafuta hayo. Ayatandaze nje yakauke, maana yaweza kuwaka moto yenyewe.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkebe mdogo wa vanishi ni bei ndogo kuliko kabati jipya. Kagueni miguu ya samani zenu sasa, kabla ya mvua.