Akina Mama wa Mwambani

Sisi tukaao pwani twajua ya kuwa siku za bamvua, maji yapwapo, mama zetu huenda mwambani kwa miguu, fimbo mkononi, kutafuta pweza mashimoni. Kwa pweza huyo watoto wengi tuwafundishao hupata daftari.

Kanuni za uvuvi za Tanzania za mwaka 2009 zilikataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500. Sababu yake ni njema. Pweza jike hutaga mara moja tu. Huyalinda mayai yake shimoni bila kula, kisha hufa. Akivuliwa angali mdogo, uzao wake umekatika.

Lakini wanaume wenye mashua huzamia mbali, waliko pweza wakubwa; wadogo wa karibu ndio fungu la akina mama. Kwa hiyo kanuni ile ile moja huwalemea wao zaidi.

Kijijini kwetu ulipofanywa mkutano wa kufunga mwamba kwa miezi mitatu, walioitwa walikuwa wanaume, nasi walimu tukaandika majina. Baadaye mjane mmoja alituuliza, "Mwalimu, mmefunga mlango wa riziki yangu; mbona hamkubisha hodi?" Tuliona haya, tukakosa jibu.

Basi, ndugu, hatusemi sheria ivunjwe. Pweza wakiisha, sote tutalala njaa. Twasema hivi: kabla ya kufunga, mama aulizwe ni mwamba upi na miezi ipi, maana yeye ndiye ajuaye kila shimo. Mkutano ujao, sisi wenyewe tutakwenda kubisha hodi.