Usiujaribu Mkanda Kwanza

Nahamisha mikanda ya VHS kwenda kwenye kompyuta, hapa Dar es Salaam. Wateja huniletea harusi, maulidi, ubatizo na misiba, na wengi huanza kwa maneno yale yale: "Fundi, tumeujaribu nyumbani, ukacheza kidogo, halafu deki ikautafuna." Roho huniuma kusikia hivyo. Mikanda mingi ninayoipokea ikiwa imeharibika, miaka iliihurumia. Kilichoimaliza ni lile jaribio.

Utepe wa VHS una upana wa milimita 12.7. Ni plastiki nyembamba iliyopakwa chembe za sumaku, nazo zimeshikwa na gundi. Picha imo ndani ya chembe hizo. Kwa joto na unyevu wetu wa pwani, gundi hulainika na ukungu huota. Deki nayo huuvuta utepe nje ya kaseti na kuuzungushia ngoma yenye hedi, ambayo katika mfumo wetu wa PAL huzunguka mara 25 kwa sekunde. Utepe ulionata ukikutana na kasi hiyo, chembe hubanduka. Kilichobanduka ndicho uso wa bibi harusi, na hakuna programu ya kuurudisha.

Ndiyo maana mkanda ukinifikia, siuchezi. Kwanza nauangalia kwenye mwanga kupitia kidirisha chake. Utepe mzima hung'aa, na kingo zake zimelala sawa. Nikiona unga mweupe, huo ni ukungu: navaa barakoa na kuutenga, usije ukaambukiza deki na mikanda mingine. Kisha navunja kile kidude cha plastiki cha ubavuni, ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Halafu nauzungusha polepole hadi mwisho na kuurudisha, matabaka yaachane.

Hedi nazisafisha kabla ya kila mkanda kwa alkoholi safi na kitambaa kisichotoa nyuzi. Kitambaa nakishika kikiwa kimetulia, ngoma naizungusha kwa mkono. Ukisugua juu na chini, unavunja hedi, na hedi nyingine utaipata wapi? Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki hizi, ilisimamisha kazi hiyo mwaka 2016. Tangu hapo, deki tunayoitengeneza hupata vipuri kutoka kwa deki iliyokufa.

Kati ya deki na kompyuta kuna kifaa cha kusawazisha mawimbi, kinachotuliza picha inayoyumba. Mteja nampa faili mbili. Moja ni kubwa, kiasi cha GB 13 kwa saa moja ya picha, ya kuhifadhi. Nyingine ni ndogo, ya kutazama na kutumiana kwa WhatsApp. Ukibaki na ile ndogo peke yake, umeokoa kivuli cha mkanda.

Wako wanaoniuliza kwa nini nahangaika hivi kwa harusi ya mtu binafsi. Nawakumbusha kwamba Tanzania Bara ilipata vituo vya televisheni mwaka 1994, ilhali deki na kamera za video zilikwishaingia majumbani. Basi harusi ya Magomeni ya mwaka 1988, pamoja na mtaa wake, mavazi yake na ngoma yake, haimo katika hazina ya kituo chochote. Imo kwenye mkanda mmoja uliowekwa juu ya kabati la mtu, na ukifa huo, hakuna mwingine.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama unao, usiuingize kwenye deki ya zamani ili uone kama bado unacheza. Usimamishe wima mahali pakavu, mbali na jua na spika. Keti na wazee, wakutajie waliomo, ni harusi ya nani na mwaka gani, uandike. Kompyuta inatunza sura, majina wanayajua wao. Kisha mpelekee fundi mwaka huu huu, na umwombe faili kubwa. Iweke sehemu mbili tofauti, moja nje ya nyumba yako. Na mkanda wenyewe, hata baada ya hapo, usiutupe.