Nilivyofundishwa Kuimba Kambini

Mimi ni mwalimu. Seminari ilinifundisha Kilatini, noti na namna ya kuongoza kwaya; wala sikudhani kwamba baada ya miaka hiyo yote ningefundishwa kuimba na mama asiyejua kusoma.

Mwezi wa Februari 2023 vita vilifika Mushaki na Karuba, katika milima yetu ya Masisi. Tuliacha maharagwe shambani na ng'ombe malishoni, tukateremka mpaka Sake, tukafuata njia ya Goma. Mimi na jamaa yangu tulipata nafasi katika kambi ya Bulengo, chini ya turubai, juu ya mawe meusi ya volkano. Maji yalikuwa haba, kipindupindu kilizunguka, na akina mama waliokwenda kutafuta kuni upande wa mbuga ya Virunga walijua kwamba huenda wakashambuliwa.

Nilipoona watoto wanakaa bure, niliwakusanya. Bidoni tupu ikawa ngoma yetu. Niliwafundisha nyimbo za shuleni, sauti ya kwanza na ya pili, fimbo mkononi. Siku ya tatu jirani yetu mmoja, mama wa Karuba, alinisimamisha. "Mwalimu," akasema, "watoto wana njaa, nawe wawaletea ngoma?" Sikuwa na jibu. Binti yake wa miaka saba alikuwa hajasema neno tangu walipokimbia.

Niliona aibu, nikaiweka bidoni kando. Lakini jioni moja nilimsikia mama yule yule, akichambua maharagwe, akiimba polepole wimbo wa palizi wa kwetu. Wanawake wa mahema ya jirani wakamwitikia. Ndipo nilipomtazama yule binti: midomo yake ilikuwa ikifuata kiitikio. Sauti haikutoka siku ile. Ilitoka baada ya majuma kadhaa, tena kidogo sana.

Nilimwendea mama nikamwomba, "Mama, utufundishe." Akacheka. "Wewe mwenye masomo?" Tangu hapo yeye aliongoza, mimi nikapiga bidoni. Wanawake wakatunga nyimbo zao wenyewe: wa kunawa mikono, wa kuitana alfajiri ili asiende mtu kuni peke yake, na mmoja wa kuwakumbuka watoto waliofia njiani. Wimbo huo hakulazimishwa mtu kuuimba. Aliyeshindwa alikaa kimya, wenzake wakamshika mkono.

Baadaye nilipata habari kwamba katika hospitali ya Panzi, kule Bukavu, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, wanawake waliotendewa ukatili walitunga nyimbo zao na kuzirekodi, wakisaidiwa na mshauri pamoja na fundi wa muziki. Kumbe siri ni ile ile: aliyenyang'anywa kila kitu apewe nafasi ya kusema habari yake kwa kinywa chake mwenyewe.

Mwezi wa Februari 2025 kambi za Goma zilivunjwa. Bidoni yetu ilipotea katika haraka ile. Mama yule alishika njia ya milimani, sufuria kichwani. Binti yake alimtangulia, akiimba wimbo wa palizi.

Ndugu msomaji, wakimbizi wakifika kwenu, toa kwanza unga na maharagwe, maana wimbo haushibishi. Kisha usiwe mwepesi wa kuwafundisha wimbo wako. Waulize, kwao huimba nini. Nawe ukae, uitikie.