Velas, Ufuo Wenye Wenyewe

Katika jimbo la Maharashtra nchini India, kusini mwa Mumbai, karibu na mlango wa mto Savitri, kipo kijiji kiitwacho Velas. Tuliposhuka ufuoni hatukuona hoteli, ukuta wala viti vya kukodi. Tuliona mchanga, mivinje na bahari.

Zamani mayai ya kasa yalifukuliwa hapo, yakaliwa au kuuzwa. Tangu mwaka 2002, wanakijiji na wahifadhi huyahamishia ndani ya uzio, kila kiota katika shimo lake. Baada ya siku 50 hivi, makinda hutoka. Asubuhi tulisimama na watoto nyuma ya kamba, kimya, tukiwatazama wakijikokota hadi majini.

Wageni hulala majumbani mwa wenyeji na kula cha jikoni mwao, na fedha zikabaki kijijini.

Nasi tutokao pwani ya Kenya, ambako baadhi ya njia za kushukia baharini zimezibwa kwa kuta, tulitafakari sana. Utulivu wa Velas una wenyewe, nao huamka alfajiri kuulinda.