Gari la Kurudi

Kazi yangu hapa Mbinga ni kuyatafutia magari mizigo na mizigo magari. Mtu akiniuliza bei ya tani moja kwenda Dar es Salaam, nami namuuliza: mwezi gani?

Julai, kahawa ya maganda inatoka vyama vya ushirika (AMCOS) vya Maguu na Langiro kwenda kukobolewa, mahindi yanakimbilia maghala ya Songea, wachuuzi wa usipa wa Mbamba Bay nao wanazitaka fuso hizohizo, na nauli inapaa. Ikifika Novemba mbolea inaletwa huku, na gari likishashusha halina cha kurudi nacho. Mwenye gari huiingiza safari hiyo tupu kwenye nauli ya mbolea. Mkulima anaumia misimu yote miwili. Na kwa kuwa semi haipandi vijijini, mzigo hufaulishwa mjini: gunia lilelile linabebwa mara mbili, na kila bega linadai chake.

Makaa ya mawe ya Ngaka yameuzidisha uhaba wa magari. Tangu vita vya Ukraine vipandishe mahitaji mwaka 2022, semi zinafuatana kupitia Songea, Tunduru na Masasi hadi bandari ya Mtwara, zaidi ya kilomita 700, na nyingine hurudi na saruji. Dereva mwenye mzigo kwenda na kurudi hawezi kusubiri kahawa. Simlaumu.

Ndiyo maana naitazama bandari mpya inayojengwa Mbamba Bay kwa hamu kubwa. Lami kutoka Mbinga imeshafika ziwani. Meli za ziwa hilo, MV Njombe na MV Ruvuma, hubeba tani 1,000 kila moja, na ng'ambo kuna Malawi, nchi isiyo na bahari. Saruji na bidhaa ziendazo Malawi zikipita huku, magari yatatushukia yakiwa yamejaa hata Julai. (Mafuta hayatusaidii, tenka haibebi kahawa.)

Lakini liko jambo lisilohitaji kusubiri gati: mbolea ije Julai, kwa magari yaleyale yanayofuata kahawa. Nimelisema kwenye vikao vya AMCOS, na hakuna aliyelipinga. Ghala kavu la kuihifadhi mpaka mvua linapatikana. Kinachokosekana ni fedha, kwa sababu mwezi huo mkulima bado anasubiri malipo ya mnada wa kahawa, na muuza mbolea hakopeshi.