Zamu ya Saa Mbili Asubuhi

Ndugu msomaji, kila ninapojitambulisha kuwa ni mwanafunzi wa uuguzi mwenye kazi na familia, hunipa ushauri uleule: "Gawa muda wako vizuri." Bosi anasema, mkufunzi anasema, hata konda wa daladala akinikuta nimesinzia na daftari mapajani anasema. Ushauri mzuri, sikatai. Lakini unachukulia kwamba muda ninaougawa ni wangu. Mtu mzima akirudi darasani, sehemu kubwa ya muda anaoutumia ni ya watu wengine, na watu hao hawakujaza fomu yoyote ya kujiunga na chuo.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2016, hapa hapa Temeke. Biolojia C, Kemia D, Fizikia D. Si matokeo ya kuchinjia kuku, ila kwa chuo cha uuguzi yalitosha. Kilichokosekana ni ada. Mwenye gari alikuwa ameiuza daladala aliyokuwa akiendesha baba, na baba akabaki deiwaka, leo anapata gari la kushikia, kesho hapati. Nami nikaingia mtaani kubangaiza. Nimeuza maji ya kandoro, nimebeba zege, mwisho nikapata kibarua kwenye kibanda cha wakala wa kutuma na kupokea pesa kule Tandika. Miaka minane ikakatika. Kilichonifanya nisijione nimekwisha ni kaunta buku moja yenye jalada gumu, ambamo usiku nilikuwa nikiandika riwaya yangu.

Mwaka 2024 nikajiunga na chuo kimoja cha binafsi, stashahada ya uuguzi na ukunga, miaka mitatu. Nikiwa na miaka ishirini na tano, darasani waliniita "Mzee". Sikujali. Mchana nasoma, saa kumi na moja jioni nafungua kibanda, saa nne usiku nafunga. Kati ya mteja na mteja nilikuwa nakokotoa dripu. Lita moja ya maji iingie kwa saa nane, seti ya matone ishirini kwa mililita: 1000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata matone 42 kwa dakika. Wateja wakiona namba zile hudhani nahesabu hela za bosi.

Wodini nako nilipata heshima nisiyostahili. Wagonjwa wakiona mwanaume aliyevaa sare humwita "dokta", na wasichana niliosoma nao wakaitwa "sista", ingawa tuko mwaka mmoja na pengine wao wanajua zaidi. Nikikanusha, mgonjwa anasema, "Haya dokta, nimekuelewa."

Januari 2025 baba akaanguka bafuni. Kiharusi. Mashine ya presha ilisoma 210 kwa 120. Upande wa kulia ukafa, mkono na mguu, na maneno yakapungua yakabaki machache. Baada ya wiki tatu wakatupa ruhusa ya kwenda naye nyumbani.

Hapo ndipo kikao cha familia kikaitishwa. Shangazi yangu, dada yake baba, hakuzunguka: "Mwanangu, shule utaikuta. Baba yako huenda usimkute." Nikainamisha kichwa. Ungejibu nini? Ni mama aliyejibu, huku akiendelea kuparua samaki. "Wifi, huyu alishasubiri miaka minane. Tukimtoa tena, harudi. Tutajipanga." Kikao kikaisha hivyo, shangazi akiwa amenuna kidogo.

Kujipanga kwenyewe kulikuwa hivi. Chuoni tulifundishwa kwamba mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili: ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia. Asipogeuzwa, damu haifiki vizuri kwenye ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro, na ngozi huanza kufa. Vidonda vya mgandamizo huanzia penye mifupa: visigino, nyonga, mwisho wa mgongo, hata kisogo. Kinaanza kama wekundu tu, na kwa ngozi nyeusi kama yetu huo wekundu hauonekani kirahisi, inabidi uguse kama pana joto au pamekuwa pagumu. Kikishachimbika, kinaweza kumuua mtu aliyepona kiharusi.

Kila saa mbili maana yake ni mara kumi na mbili kwa siku. Nikachora chati kwenye karatasi, nikaibandika ukutani juu ya kitanda cha baba: saa, ubavu, jina la aliyegeuza. Wodini tuna msemo kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Mimi nilichukua saa sita usiku, saa nane, na saa kumi na mbili asubuhi kabla sijatoka. Mama alichukua sita: saa kumi alfajiri kabla ya kwenda Feri kununua samaki, kisha saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi wakati anawakaanga, na saa nne usiku akirudi kuuza. Mdogo wangu, kidato cha tatu, akachukua saa kumi na mbili jioni, saa mbili usiku, na hii moja iliyobaki, saa mbili asubuhi.

Baba mwenyewe alilipokea zoezi kidereva. Neno mojawapo lililosalia mdomoni mwake ni "geuza". Nikichelewa dakika tano nasikia kutoka gizani: "Konda! Geuza!" Tunacheka wote wawili, saa nane usiku.

Chati ilijaa vizuri mwezi wa kwanza na wa pili. Mwezi wa tatu mdogo wangu akaleta barua kutoka kwa mwalimu wa darasa, iliyokunjwa mara nne. Mwanafunzi huyu anachelewa kila siku, vipindi viwili vya mwanzo havimkuti darasani. Nilimuuliza, "Vipi tena, mdogo wangu?" Akaniangalia kama mtu anayeulizwa jua linachomoza wapi. "Kaka, si saa mbili nambadilisha baba? Mama anarudi saa tatu. Ndo naenda."

Shule yao inaanza saa moja na nusu. Nikasimama mbele ya ile chati. Jina lake lilikuwa pale kila asubuhi, kwa mwandiko wake mzuri, na siku nne kati ya tano vipindi vile vya mwanzo ni Hisabati. Hakuna aliyekuwa amemwonea. Mama alikuwa Feri anatafuta chakula chetu, mimi nilikuwa darasani najifunza kumgeuza mgonjwa. Hesabu ilikuwa imefungwa kwa kutumia masomo ya mtoto. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa nchini tangu Januari 2016, kwa hiyo hakuna aliyekuja kumdai mdogo wangu shilingi. Sisi ndio tuliokuwa tunamdai asubuhi zake. Na mimi, niliyepoteza miaka minane kwa kukosa ada, nilikuwa narudi shule kupitia mlango ambao yeye angeweza kutokea.

Wakati huo tulikuwa tunasoma historia ya uuguzi. Kila mtu anamjua Florence Nightingale na taa yake katika vita vya Krimea, tangu 1854. Ila katika kitabu chake Notes on Nursing, cha mwaka 1859, kuna sura inayohusu mambo madogo madogo ya kupanga kazi ya kumhudumia mgonjwa. Hoja yake ni nyepesi: muuguzi hawezi kuwa kitandani muda wote, kwa hiyo wema wake unapimwa na alichokipanga kwa ajili ya saa ambazo hayupo. Nilipoielewa hoja ile sikuiona ya Uingereza hata kidogo. Niliiona chati yetu, saa mbili asubuhi.

Usiku ule nikamsubiri mama arudi, nikampa barua. Akaisoma mara mbili, akavua kanga ya kichwa, akakaa. "Sasa nani apunguze, baba? Mimi nikiacha Feri tunakula nini?" Tukapiga hesabu mpaka saa sita ilipofika, nikaenda kugeuza, nikarudi tukaendelea. Mwisho tukapata hivi: mama hataenda Feri mwenyewe. Mwenzake wa kwenye upatu atamletea ndoo yake, na mama atamlipa kwa taabu hiyo pamoja na nauli. Faida itapungua. Pengo nitaliziba mimi kwa kukaa kibandani Jumapili nzima. Mama achukue saa mbili asubuhi, mdogo wangu aende shule saa kumi na mbili na nusu kama watoto wengine.

Jumapili, ndugu msomaji, ndiyo ilikuwa siku yangu ya riwaya.

Sitaki kujifanya malaika. Jumapili ya kwanza pale kibandani nilikaa na donge kooni, nikawatolea watu pesa zao bila hata salamu. Ninyi mnaoandika mnaelewa. Mtu anaweza kukunyang'anya usingizi ukamsamehe, lakini siku ya kuandika ni noma. Ila deni hili lilikuwa la kwangu, na nilitaka lilipwe kutoka kwenye mfuko wangu, si wa mtoto.

Siku hizi naandika usiku, kati ya saa sita na saa nane. Nikishamweka baba vizuri, mto kati ya magoti, mwingine chini ya miguu ili visigino visiguse godoro, nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kufungua kaunta buku. Kuna usiku napata ukurasa, kuna usiku napata mistari mitatu na mchirizi wa kalamu nilipolala. Nimefika ukurasa wa sitini na moja. Haiendi kasi, lakini inakwenda.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, kama na wewe una fomu ya chuo mkononi na nyumbani kuna watu wanaokutegemea, usianze kwa kujiuliza utaamka saa ngapi. Chukua karatasi, andika saa zote ishirini na nne, na mbele ya kila saa andika jina la mtu atakayekuwa pale usipokuwapo. Kisha mwendee kila uliyemwandika, mkubwa kwa mdogo, umuulize kwa mdomo wako kama anaweza, na kama kuna anachokosa. Mkubwa atakwambia. Mdogo hatakwambia mpaka umuulize, kwa sababu anadhani ndivyo dunia ilivyo.

Mimi bado nina safari. Nikimaliza stashahada kuna mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, ndipo nitambulike. Mdogo wangu sasa yuko kidato cha nne, Novemba anakaa kwenye mtihani wa taifa, na Hisabati anaipenda kuliko nilivyowahi kuipenda mimi. Chati ya kwanza ilijaa, tukabandika nyingine, sasa tuko kwenye ya nne. Na baba, tangu atoke hospitali hadi ninapoandika haya, ngozi yake haijatoka kidonda hata kimoja.