Kukanyaga Mafuta

Wahenga walinena kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Wao hawakuwahi kuketi nyuma ya usukani wa pikapu katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, lakini kauli yao inalienea tangi la mafuta kana kwamba ilitungiwa humo. Aghalabu dereva mgeni hamalizi mafuta kwa kosa moja kubwa. Huyachovya. Hukanyaga, huachia, hufunga breki, hukanyaga tena. Na jua linapotua buyu huwa tupu, naye hajui asali ilimwagikia wapi.

Waama, lugha nayo ina sehemu yake ya lawama. Abiria aliyechelewa husikika akimhimiza dereva, "Kanyaga mafuta!" Usemi huo ni mtamu na hakuna haja ya kuufukuza katika Kiswahili, ila unamfunza mwanagenzi jambo lisilo kweli, kwamba mwendo unakaa mguuni. Ajabu ni kwamba jina la kile anachokishika mikononi linamwelekeza kwingine kabisa. Breki, gia na klachi ni maneno yaliyokuja pamoja na gari. Usukani ulikuwapo tangu enzi za majahazi, na gari lilipofika likaurithi. Nahodha hakununua upepo, wala hakuuchezea. Alitazama mbali, akauona mwamba kabla hajaufikia, akakigeuza chombo mapema. Lau mwanagenzi wa barabarani angelirithi jicho la nahodha pamoja na neno lake, nusu ya somo ingelikuwa imekwisha.

Katika shule nyingi za udereva nchini Kenya, mwanafunzi huanzia mbele ya ubao mpana uliochorwa mji mdogo, akisukuma kigari cha kuchezea kwa vidole. Hapo hujifunza mzunguko, njia panda, mahali pa kuegesha na mahali pa kumpisha mwingine. Si ubao wa kudharauliwa. Umewaokoa wengi na aibu ya kuingia mzunguko upande usiofaa. Hata hivyo, ubao ule ni tambarare kama meza. Hauna mlima wala bonde, hauna upepo, na kigari chake hakinywi kitu. Mtahiniwa aweza kuzitaja alama zote pasi na kusita, akapewa leseni yake, na asiwe ameambiwa hata mara moja ni kwa nini madereva wawili waliosafiri njia moja kwa magari ya aina moja hawalipi sawa kituoni. Elimu hiyo huachiwa barabara, na barabara ina walimu wa kila namna.

Kijana mmoja wa Nakuru alipata walimu wawili kwa mpigo. Alikuwa amepata leseni majuzi, na mjomba wake akampa pikapu ya dizeli ya kuleta viazi kutoka Timboroa. Mwalimu wa kwanza alikuwa utingo, kijana mwenzake mwenye sauti ya mnadi, ambaye somo lake lilikuwa moja: "Kanyaga, dere! Viazi vitaota!" Mwalimu wa pili alikuwa mjomba mwenyewe, aliyeketi kando siku za mwanzo na kunena machache.

Njia yenyewe haimhurumii mgeni. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Timboroa inapita mita 2,700. Kwa hivyo safari ya kwenda ni kukwea na ya kurudi, gari likiwa na mzigo, ni kuteremka. Katika kukwea kule, kijana aling'ang'ania gia ya pili hata pale ambapo ya tatu ingetosha, kwa sababu aliogopa injini isije ikazima mlimani mbele ya macho ya watu. Aliufuata mkia wa lori kama kifaranga afuatavyo mamaye. Lori likisogea, alikanyaga. Lori likisita, alifunga breki kwa kishindo. Nyuma yake honi zililia, na kila honi ilimzidishia mguu uzito.

Wazee wengine wangelimfokea. Mjomba alimwambia alegeze mabega.

"Usiutazame mkia wa lori, mwanangu. Una siri gani? Tazama kule juu, penye kona. Waona nini?"

"Naona lori la tatu limewasha taa za breki, mjomba."

"Sasa mguu wako wangoja barua?"

Kijana akauondoa mguu, na pikapu ikapunguza mwendo yenyewe. Walipowafikia wale wa mbele, msururu ulikuwa umeanza kusogea tena, naye hakulazimika kusimama.

Katika mazungumzo hayo mafupi mna kiini cha ufundi wote. Kila breki inapofungwa, mwendo ambao dereva aliununua kwa mafuta hugeuzwa joto na kutupwa hewani. Mwendo huo hauna budi kununuliwa upya. Dereva anayeacha nafasi ya kutosha mbele yake, akatazama magari matatu au manne mbele badala ya moja, huona mapema, huachia mapema, na hununua mara chache. Ndiyo maana kumtia moyo mwanagenzi si upole wa bure. Ni sehemu ya ufundi wenyewe, kwa kuwa woga unakula mafuta. Mwoga hukaa gia ya chini, hukaribia mno, hufunga breki kila akitishika, na hukanyaga kila akizomewa. Anayemfokea dereva mgeni ili abane matumizi anamwaga petroli kwa ulimi.

Yapo mengine ambayo hayahitaji maneno mengi. Gia ipandishwe mapema, injini isiachwe ikilia juu ilhali gia iliyo mbele inaweza kubeba mzigo. Magurudumu yatiwe upepo wa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, maana gurudumu legevu hujikokota. Keria tupu iteremshwe kutoka paani. Injini isiachwe ikinguruma dakika kumi huku dereva akila mahindi ya kuchoma kando ya njia.

Jambo la mwendo wenyewe, hata hivyo, linastahili kukawiwa kidogo, kwa kuwa halionekani kwa macho. Upinzani wa upepo hauongezeki sambamba na kasi. Huongezeka kwa mraba wake. Anayetoka kilomita 80 kwa saa hadi 100 ameongeza mwendo kwa robo tu, lakini upepo unaomzuia umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Zile kanuni za mwaka 2004 zilizokuja kuitwa za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ziliyafunga matatu kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa ajili ya kuokoa uhai. Matatu mengi yaliyalalamikia. Ni wachache waliokumbuka kwamba kidhibiti kilekile kilikuwa pia mlinzi wa tangi.

Msomaji atauliza, je, yote haya ni ya shilingi ngapi? Chukua mfano wa pikapu inayokwenda kilomita 180 kwa siku. Ikipata kilomita 9 kwa lita, inakunywa lita 20. Ikisukumwa kwa akili hadi kilomita 10 kwa lita, inakunywa 18. Kwa bei ya shilingi 180 kwa lita, tofauti hiyo ni shilingi 360 kwa siku, na katika siku 25 za kazi ni shilingi 9,000. Kwa mchukuzi wa viazi, hiyo si fedha ya kuchezewa. Mnamo Septemba 2023, Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli ilipotangaza bei zake za mwezi, petroli jijini Nairobi ilipanda hadi shilingi 211.64 na dizeli ikavuka 200. Siku ile hata utingo aliacha kupiga kelele.

Mjomba alimnunulia kijana daftari la shilingi chache, akamwagiza ajaze tangi hadi pomoni, aandike kilomita, na kila akijaza tena agawanye mwenyewe. Hakumwekea lengo lolote. Daftari hilo lilifanya kazi ambayo mawaidha hayafanyi. Mwanagenzi akiona tarakimu ya wiki hii imeipita ya wiki iliyopita kwa nusu kilomita, hahitaji kusifiwa na mtu. Na ikishuka, anajua mwenyewe ni siku ipi aliyoshindana na basi.

Lakini kulikuwa na somo moja la mjomba ambalo lilikuwa na sumu ndani yake. "Ukifika mteremkoni," alimwambia kijana katika safari ya kwanza ya kurudi, "toa gia, liache gari liteleze. Mlima umekupa; wewe pokea." Hivyo ndivyo alivyofunzwa naye alipokuwa utingo, na ndivyo wanavyofunzana madereva wengi wa malori hadi leo.

Haifai kumcheka. Katika injini za zamani zenye kabureta, petroli iliendelea kufyonzwa hata mguu ulipoondolewa, hivyo kutoa gia kuliokoa kitu. Mzee hakudanganya, gari ndilo lililobadilika. Katika injini ambazo mafuta hupulizwa kwa kuamriwa na kompyuta, gari likiwa kwenye gia na mguu ukiwa umeondolewa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na mafuta hufungwa kabisa mpaka mwendo ushuke sana. Ukitoa gia, magurudumu yanaachana na injini, nayo hulazimika kuchoma mafuta ili isizime. Yule anayedhani anaokoa ndiye anayetumia. Kwenye mteremko mwepesi wapo watakaobishana kuhusu hesabu hii, wakisema gari lisilo na gia huteleza mbali zaidi. Wabishane. Huo si ubishi wa kuanzia mwanagenzi, hasa mwenye tani ya viazi mgongoni.

Kwa sababu hasara ya mafuta ndiyo iliyo ndogo. Gari lisilo kwenye gia halina kitu cha kulizuia ila breki peke yake. Breki zikifungwa mfululizo mteremko mzima hushika moto, na zikishika moto hulegea, na dereva hukanyaga pasipo jibu. Akiwa ameizima injini kabisa, kama wafanyavyo wenye tamaa zaidi, msaada wa breki na wa usukani huondoka nao. Kutoka Sachangwan kushuka hadi Salgaa, barabara hiyo imezika watu wengi kiasi kwamba majina hayo mawili, yakitajwa redioni, humfanya msikilizaji anyamaze kabla hajasikia habari yenyewe. Palepale Sachangwan, mwishoni mwa Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka, na watu waliokimbilia kuteka petroli iliyomwagika wakateketea, zaidi ya mia moja. Ajali ile haikuwa na uhusiano na mafunzo ya mjomba. Ila hakuna mahali pengine nchini ambapo mtu aweza kuona waziwazi zaidi jinsi lita chache za mafuta zinavyoweza kupimwa dhidi ya roho ya mtu, na kipimo kikaegemea upande usiofaa.

Kijana aliyasikia mambo ya injini kwa fundi mmoja wa Nakuru aliyekuwa akimbadilishia vichujio. Alikaa nayo wiki mbili. Mpwa hamsahihishi mjomba kwa urahisi, tena mjomba mwenye gari. Ipo methali isemayo mgeni njoo mwenyeji apone, lakini methali haielezi mgeni aingie kwa mlango upi.

Alasiri moja mjomba alipanda tena, kwa kuwa alikuwa na shughuli Timboroa. Wakati wa kurudi, pikapu ikiwa imejaa hadi juu ya mbao, kijana alipunguza mwendo kabla mteremko haujaanza, akaingiza gia ya tatu, akauondoa mguu. Injini ikatoa mngurumo mzito. Mjomba, aliyekuwa amesinzia, akafumbua macho.

"Mbona inalia?"

"Nimeiacha kwenye gia, mjomba. Inashikilia mzigo."

"Na mafuta?"

"Niwie radhi, mjomba. Fundi anasema hainywi hata tone, mguu ukiwa nje."

Mjomba hakujibu. Nyuma yao likatokea lori refu, likawapita kimya kimya. Injini yake haikusikika. Kilichosikika ni upepo na kelele za turubai. Harufu ya breki zilizoungua iliingia kwa dirisha ikabaki humo. Mjomba alilitazama lile lori mpaka likapotelea konani, kisha akaweka mkono wake kwenye dashibodi, pale ambapo mtetemo wa injini unasikika.

"Hiyo ni gia ya ngapi?"

"Ya tatu, mjomba."

"Mzigo wa leo ni mkubwa. Punguza kwanza, kisha weka ya pili."